Mwongozo wa Kutembelea Bustani ya Kijapani kwa Mara ya Kwanza

Maswali ni yaleyale kila mara. Ndugu zetu wanaofika Japani kwa masomo, kwa kozi za JICA (shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa) au kwa biashara ya magari, wakipata siku ya mapumziko huuliza: nianzie bustani ipi? Kiingilio ni kiasi gani? Ni kweli viatu huvuliwa? Baada ya ziara ya kwanza huja swali jingine: mbona nilikuta changarawe na mawe tu? Nimeyapanga majibu hapa hatua kwa hatua ili mgeni asipoteze siku yake wala pesa zake. Mifano mingi ni ya Kyoto, maana ndiko ziliko bustani nyingi za mahekalu, lakini utaratibu huu utakufaa pia Tokyo, Yokohama, Kanazawa au Okayama.

Jambo moja liweke akilini tangu sasa. Aliyeipanga bustani alishaamua utasimama wapi, utageuka wapi, na kitu gani kifichwe mpaka ukifikie. Ukipita mbio, kazi yake yote inakupita. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unatokana na hilo.

Utakutana na aina tatu. Ya kwanza ni bustani kavu: changarawe nyeupe iliyochorwa mistari kwa reki, na mawe, ambayo hutazamwa ukiwa umekaa barazani na haikanyagwi kabisa. Ya pili ni bustani ya matembezi, yenye bwawa na njia inayolizunguka. Ya tatu ni bustani ya chai, yaani njia fupi ya mawe inayoelekea kwenye kibanda cha kunywea chai. Mahali pamoja panaweza kuwa na zote tatu. Nadharia inatosha hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Soksi safi zisizotoboka. Hekaluni utavua viatu, na kila mtu ataona miguu yako. Wakati wa baridi sakafu ya mbao huuma hasa, kwa hiyo chagua soksi nzito. Wakati wa joto, hata ukivaa ndara, beba soksi kwenye begi.
- Viatu vinavyovuliwa na kuvaliwa upesi. Visigino vyembamba viache nyumbani. Vinazama kwenye changarawe na kuteleza juu ya mawe.
- Pesa taslimu: noti za yeni 1,000 na sarafu za 100 na 500. Mahekalu mengi bado hayapokei kadi. Ili upate picha ya gharama, hekalu la Ryoan-ji la Kyoto ni yeni 600, Rikugien ya Tokyo ni 300, na Kiyosumi ya hukohuko Tokyo ni 150. Bei hupanda, hivyo hakikisha kwenye tovuti ya bustani yenyewe kabla ya kwenda.
- Pasipoti halisi, si picha yake kwenye simu.
- Begi dogo. Begi kubwa la mgongoni hugonga milango ya karatasi unapogeuka. Sanduku la safari liache stesheni, kwenye makabati ya kulipia.
- Mifuko miwili ya plastiki: mmoja wa kubebea viatu, mwingine wa taka zako. Mapipa ya taka ni adimu sana Japani, na utarudi na taka zako mpaka unapolala.
- Mwavuli mdogo. Kuanzia Juni hadi Septemba ongeza dawa ya mbu. Penye bwawa na kivuli, mbu wapo.

Hatua za kufuata

1. Tazama kalenda. Maua ya sakura (mcheri wa Kijapani) Kyoto huchanua mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Aprili. Majani ya momiji (mti wa mepo wa Kijapani) huwa mekundu kabisa katika nusu ya pili ya Novemba. Hizo ndizo nyakati ambazo watu hufurika na vyumba hupanda bei. Kama una hiari, mimi ningekushauri Juni, msimu wa mvua. Wageni wengi huukwepa, kumbe ndio wakati ule ukijani mfupi na laini unaotambaa kwenye udongo na mawe, ambao Wajapani huuita koke, unapong'aa kuliko wakati wowote. Mawe yaliyolowa nayo hubadilika rangi kabisa. Julai na Agosti Kyoto ni joto la mvuke. Nenda asubuhi tu. Kama ni majira ya baridi, fikiria Kenroku-en ya Kanazawa: kuanzia Novemba 1 misonobari hufungiwa kamba zinazoshuka kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye matawi, ili theluji isiyavunje. Kazi hiyo yenyewe inatosha kumtoa mtu Kyoto.

2. Chagua bustani mbili kwa siku, zisizidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anapanga Kinkaku-ji, Ryoan-ji, Ginkaku-ji, Tenryu-ji na Tofuku-ji kwa siku moja, kisha anaishia kuona madirisha ya basi. Chukua moja kavu na moja ya matembezi, zilizo jirani. Kwa mfano, anza na Ryoan-ji, kisha panda treni ndogo ya Randen uende Arashiyama kwenye Tenryu-ji, ambako bustani ya bwawa inahusishwa na mtawa Muso Soseki wa karne ya 14. Kama uko Yokohama kwa shughuli za magari na huna muda wa kwenda Kyoto, nenda Sankeien. Mfanyabiashara wa hariri, Hara Sankei, aliifungua kwa umma mwaka 1906, na ndani yake yamo majengo ya kale yaliyohamishiwa hapo kutoka sehemu nyingine za nchi, ukiwamo mnara wa ghorofa tatu uliotoka upande wa Kyoto.

3. Hifadhi nafasi panapotakiwa. Bustani nyingi hazihitaji. Unanunua tiketi mlangoni. Ila zipo ambazo ukienda bila nafasi unaweza kurudishwa. Kasri la Katsura liko chini ya ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya familia ya kifalme. Unaomba mapema mtandaoni, unatembezwa kwa kikundi kwa muda wa saa moja hivi, unaonyesha pasipoti, na unalipa yeni 1,000. Kasri la Shugakuin liko chini ya ofisi hiyohiyo, nalo halina kiingilio. Saiho-ji, hekalu maarufu kwa koke, lilifungia wageni wa kuingia holela mwaka 1977. Tangu hapo ni kwa nafasi tu, na malipo huanzia yeni 4,000. Jua pia kwamba huko, kwa kawaida, mgeni hukaa kwanza na kunakili maandiko ya Kibuddha kabla ya kuingia bustanini. Kama imani yako haikuruhusu, usiombe nafasi huko ukitarajia kuruka sehemu hiyo. Chagua pengine.

4. Fika mlango unapofunguliwa. Ryoan-ji hufungua saa mbili kamili asubuhi kuanzia Machi hadi Novemba, na saa mbili na nusu kuanzia Desemba hadi Februari. Makundi ya mabasi huanza kufika mapema kuliko unavyodhani, na baraza likijaa watu mia, hata mwenye subira hachoti kitu. Ukishindwa asubuhi, nenda alasiri, lakini kumbuka tiketi huacha kuuzwa kabla ya saa ya kufunga. Bustani za jiji la Tokyo, kwa mfano, hufunga saa kumi na moja jioni na mwisho wa kuingia ni saa kumi na nusu. Angalizo kwa tuliozoea saa za Kiswahili: tovuti zao zitaandika 17:00 na 16:30. Usijichanganye ukaja kukuta geti limefungwa.

5. Lipa, chukua karatasi ya ramani, kisha soma alama. Mshale huonyesha njia ya kuzunguka, nayo hufuatwa upande mmoja. Usiende kinyume hata kama pako wazi. Mandhari yamepangwa yaonekane kwa mfuatano huo. Ukiona jiwe dogo la mviringo lililofungwa kamba nyeusi kwa umbo la msalaba, limewekwa katikati ya njia, maana yake ni "usipite hapa." Hakuna kamba nyingine, hakuna bango, hakuna mlinzi. Jiwe hilo ndilo geti, na wageni wengi huliruka bila kujua. Mwanzi uliolazwa kukatiza njia una maana hiyohiyo.

6. Vua viatu mahali palepale panapotakiwa. Penye ngazi ya mbao au sakafu iliyoinuka, unavua chini na kupanda ukiwa na soksi. Usikanyage mbao kwa kiatu, wala usishuke chini na soksi kisha ukapanda tena. Viatu huwekwa kwenye rafu, ncha zikiangalia nje, au hubebwa kwenye mfuko. Mkipewa ndara za ndani, zivue kabla ya kukanyaga mikeka ya tatami. Pale ni soksi tu. Vuka kizingiti, usikikanyage. Chooni kuna ndara za chooni, ziache hukohuko.

7. Mbele ya bustani kavu, kaa. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, nami nitakaa nayo kidogo.

Ukifika barazani Ryoan-ji utaona uwanja wa changarawe wenye urefu wa mita 25 hivi na upana wa mita 10, mawe 15 katika mafungu matano, na koke kidogo kuzunguka mawe. Basi. Wengi hupiga picha, huinua mabega, huondoka. Wewe tafuta nafasi ukingoni mwa baraza, kaa chini, weka simu mfukoni, na ujipe angalau dakika ishirini. Fanya hivi kwa zamu:

Hesabu mawe. Kutoka karibu kila sehemu utakayokaa barazani, jiwe moja au zaidi litafichwa na jingine. Sogea hadi mwisho wa kushoto, hesabu tena. Lililokuwa limejificha litajitokeza na jingine litazama. Ukishaliona hilo kwa macho yako hutahitaji mtu akueleze kwa nini mawe hayakupangwa kwa mstari.

Kisha fuata mistari ya reki. Sehemu kubwa imenyooka sambamba na baraza, lakini kuzunguka kila fungu la mawe hugeuka kuwa duara. Angalia pale mstari mnyoofu unapokutana na duara, namna ulivyokatwa bila kuyumba. Watawa huichora upya kwa mkono.

Halafu tazama ukuta wa nyuma. Ni wa udongo uliochanganywa na mafuta, na madoa ya kahawia unayoyaona yametokana na mafuta hayo kujitokeza kwa miaka mingi. Ukuta huo umebeba nusu ya uzuri wa mahali pale. Wapiga picha wengi huukata.

Usihangaike kutafuta maana. Aliyeitengeneza hajulikani kwa hakika. Wapo wanaosema mawe yale ni visiwa baharini, wapo wanaosema ni chui milia anayevusha watoto wake mtoni. Hakuna jibu lililokubaliwa, na hakuna atakayekuuliza ukitoka.

Ukimaliza, zunguka nyuma ya jengo uone birika la jiwe lililo karibu na ardhi, kisha shuka kwenye bwawa la Kyoyochi, ambalo ni la zamani kuliko bustani ya mawe yenyewe. Watu wengi hulipita kama njia ya kwenda kwenye basi. Lizunguke lote.

8. Kwenye bustani ya matembezi, ziachie njia ziongoze mwendo wako. Mawe ya kukanyagia yamewekwa kwa umbali usiolingana makusudi. Yanakulazimisha uangalie chini, hatua baada ya hatua. Ukifika kwenye jiwe kubwa na bapa kuliko mengine, simama, inua macho: hapo ndipo mtengenezaji alipotaka utazame. Mara nyingi kona inayofuata imezibwa na msonobari au ua wa mianzi, na ukipinda tu bwawa linafunguka mbele yako lote. Kwenye bustani ya Kiyosumi, Tokyo, mawe hayo yamepangwa ndani ya maji kandokando ya bwawa, samaki wanapita pembeni ya miguu yako. Pana nafasi ya mtu mmoja, kwa hiyo msubiri anayekuja afike upande wako kwanza.

Tazama pia juu ya uzio. Bustani nyingi huazima mlima ulio mbali na kuufanya sehemu yake. Tenryu-ji huutumia mlima wa Arashiyama, na Entsu-ji, kaskazini mwa Kyoto, imejengwa yote kwa ajili ya mlima Hiei unaoonekana kati ya vigogo vya miti. Kisha sikiliza. Shisen-do, nyumba aliyoijenga Ishikawa Jozan mwaka 1641, ina mwanzi unaojaa maji, unainama kuyamwaga, kisha unarudi na kugonga jiwe. Zamani ulitumika kufukuza wanyama waharibifu shambani. Mlio ni mmoja, halafu kimya kirefu, halafu tena. Ukiwa unaongea na simu hutausikia.

Ukikuta birika la maji lenye kata ya mwanzi, unaweza kunawa: mkono wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, kisha inua kata wima ili maji yaliyobaki yaoshe mpini. Kama hakuna kata, birika ni la kutazamwa. Si lazima kunawa. Asiyetaka anapita tu, na hakuna anayechukia.

9. Kunywa chai kama ipo. Bustani nyingi kubwa zina kibanda ambako utapewa bakuli la matcha (chai ya kijani ya unga) na kitamutamu kimoja kwa yeni kati ya 500 na 1,000 hivi. Kitamutamu huliwa kwanza, chote, kwa sababu chai haina sukari na ni chungu. Pokea bakuli kwa mkono wa kulia, liweke juu ya kiganja cha kushoto, lizungushe kidogo mara mbili kuelekea kulia ili upande wenye pambo usiwe mdomoni mwako, kisha kunywa. Vitamutamu vingi hutengenezwa kwa maharage na sukari, lakini vingine huwa na jelatini. Mwenye kufuata masharti ya chakula aulize kabla ya kulipa. Kaeni upande unaoelekea bustani, maana kibanda kilijengwa kwa ajili hiyo.

Kuhusu picha

Simu mkononi kwa kawaida inaruhusiwa nje. Stendi ya miguu mitatu na fimbo ya selfi haziruhusiwi sehemu nyingi, na droni usifikirie kabisa. Daisen-in, ndani ya eneo la Daitoku-ji, hairuhusu picha hata moja. Tofuku-ji huzuia kupiga picha juu ya madaraja yake wakati momiji zimekolea, kwa sababu watu walikuwa wakisimama na kuziba njia. Ushauri wangu ni kupiga picha mwishoni. Tazama kwanza, zunguka, kisha rudi kwenye sehemu mbili tatu zilizokugusa.

Makosa yanayorudiwa na wageni

Kukanyaga koke ndilo kubwa kuliko yote. Linaonekana kama nyasi tu, mtu anaweka mguu mmoja pembeni ya njia ili apate picha nzuri. Koke hukua polepole mno. Alama ya kiatu hukaa muda mrefu, na kuna wazee wanaopiga magoti kila siku kuling'olea magugu kwa mkono. Ukiwaona, wape salamu ya kichwa. Kazi yao ndiyo uliyolipia kiingilio.

Mengine: kugusa changarawe "nione kama ni mchanga", kukalia taa za mawe, kulisha samaki vyakula vya dukani, kuvuta sigara, kula ukitembea. Kuongea kunaruhusiwa, ila kwa sauti ya chini. Sisi tukiwa watano tunasikika mpaka ng'ambo ya bwawa, na tukumbushane hilo kabla ya kuingia.

Ukikwama

*Nafasi za Katsura au Saiho-ji zimejaa.* Usikate tamaa. Kwa koke, nenda Tofuku-ji ukaone bustani aliyoitengeneza Mirei Shigemori mwaka 1939, ambako koke na mawe ya mraba vimepangwa kama ubao wa drafti. Kwa utulivu, Shisen-do inatosha.

*Mvua imekunyeshea.* Baki. Bustani kavu inatazamwa kutoka chini ya paa, na makundi mengi yatakuwa yameondoka. Mwavuli uuache mlangoni kwenye kishikio chake.

*Miguu imekufa ganzi kwa kukaa.* Hakuna sharti la kupiga magoti. Kaa miguu ikining'inia ukingoni mwa baraza kama panaruhusiwa, au kunja miguu upendavyo, mradi usiwanyooshee watu nyayo.

*Una mzee au mtu wa kiti cha magurudumu.* Changarawe na ngazi ni shida halisi kwenye mahekalu ya kale. Kenroku-en na bustani kubwa za umma zina njia pana zaidi. Makumbusho ya Adachi, mkoani Shimane, yanafaa zaidi ya zote: bustani yake hutazamwa kupitia vioo vikubwa kutoka ndani, na hakuna anayeruhusiwa kuikanyaga.

*Una watoto wadogo.* Chagua bustani ya bwawa na samaki, iache ile kavu kwa siku nyingine. Vigari vya watoto huachwa mlangoni kwenye mahekalu mengi, kwa hiyo beba kitenge au kanga ya kumfunga mtoto mgongoni.

*Basi la kwenda hekaluni limejaa, halisimami.* Kyoto hili ni la kila siku msimu wa maua na wa majani mekundu. Tumia treni hadi stesheni ya karibu kisha tembea. Kutoka stesheni ya Randen iitwayo Ryoanji hadi hekaluni ni dakika chache kwa mguu.

*Hujafika Japani bado.* Walioko London wana Kyoto Garden ndani ya Holland Park, haina kiingilio. Walioko magharibi mwa Marekani wana bustani ya Portland, iliyochorwa na Takuma Tono na kufunguliwa mwaka 1967. Hatua ya 8 inafaa kote kuwili, na ya 7 inafaa Portland, kwenye bustani yake kavu. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, maana Jumamosi Holland Park hujaa.